Kuanza kazi ya uendeshaji wa uwekezaji ukiwa Zanzibar: mwongozo kwa mhitimu

Mfuko wa uwekezaji ukinunua hisa au hatifungani, anayesifiwa ni aliyeamua kununua. Lakini tangu uamuzi huo utoke hadi fedha zimfikie muuzaji, dhamana (yaani hisa au hatifungani hizo) zisomeke kwa jina la mnunuzi na gawio liingie siku yake, kazi ni ya watu wengine kabisa. Wao ndio wanaothibitisha biashara, wanaolipa, wanaolinganisha hesabu na wanaokokotoa thamani ya kipande cha mfuko. Huo ndio uendeshaji wa uwekezaji. Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza SUZA, Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu au chuo chengine chochote, mwenye shahada ya uhasibu, fedha, benki, takwimu au hata kompyuta. Wa kompyuta wasijitoe. Idara hizi zina njaa ya watu wanaojua kupanga data.

Pa kuitafuta kazi

Tangazo lenye jina hili hasa hulioni mara nyingi. Kazi hujificha ndani ya vyeo vyengine: afisa hazina, mhasibu wa uwekezaji, afisa malipo, afisa utunzaji wa dhamana. Unguja, anza na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF), idara ya hazina ya Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ), Shirika la Bima, na upande wa Serikali unaosimamia deni na dhamana katika wizara inayoshughulika na fedha. Nafasi za Serikali na mashirika yake fuatilia kwenye ZanAjira, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya ajira, na wasifu wako uwe umeshajaazwa humo kabla tangazo halijatoka. Wengi hukosa kwa kuanza kutafuta vyeti siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi.

Soma majukumu, usisome cheo. Hapa kwetu "afisa uwekezaji" anaweza kuwa mtu wa kupokea miradi ya hoteli, au wa kusimamia wapangaji. ZSSF yenyewe ina dhamana, na ina majengo pia, Michenzani Mall likiwa mojawapo. Kazi zote hizo ni halali, ila anayefuatilia kodi za maduka hajifunzi kulipia hatifungani. Kwenye usaili uliza waziwazi: ni mali gani nitakazozishughulikia, na kwa siku hupita miamala mingapi?

Swali la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), benki zinazotunza dhamana na wasimamizi wa mifuko wengi wako Dar. Kwa maoni yetu, miaka miwili katika dawati la kutunza dhamana Dar, hata kwa cheo kidogo, humfundisha mhitimu zaidi ya miaka mitano katika ofisi inayonunua hatifungani mara nne kwa mwaka. Kodi ya nyumba Dar itauma, na usitegemee mshahara wa kuanzia uifidie. Piga hesabu hiyo mapema na wazee nyumbani.

Biashara inavyopita mikononi

Aliyekulia Pemba anaujua mwenendo huu kwenye kituo cha kununulia karafuu: mzigo unapimwa, daraja linaandikwa, hati inatolewa, fedha zinalipwa, na jioni mizani, hati na sanduku la fedha lazima viseme kitu kimoja. Kwenye dhamana ni hivyo hivyo, isipokuwa mpimaji, mlipaji na mtunzaji wako katika taasisi tatu tofauti, na kila mmoja ana daftari lake.

Msimamizi wa mfuko hutoa agizo. Dalali hutekeleza sokoni na kutuma hati ya uthibitisho. Wewe unalinganisha hati hiyo na agizo: dhamana ipi, idadi, bei, ada, tarehe ya malipo, akaunti. Vikikubaliana unaiagiza benki inayotunza dhamana ipokee hisa na kulipa fedha. Maagizo kwa benki za nje hupita kwenye SWIFT, mtandao wa benki kutumiana ujumbe, na namba nne za aina za ujumbe zifaazo kukaa kichwani ni hizi: MT540 ni kupokea dhamana bila malipo, MT541 kupokea kwa kulipa, MT542 kukabidhi bila malipo, MT543 kukabidhi kwa kulipwa. Ukituma 542 mahali pa 543 umetoa mali ya mteja bure, na kuirudisha ni kuomba hisani.

Kukabidhi na kulipa kwa pamoja kuna sababu yake. Tarehe 26 Juni 1974 benki ya Herstatt ya Cologne, Ujerumani, ilifungwa na wasimamizi mwisho wa siku ya kazi ya huko. Waliokwishailipa marki asubuhi wakisubiri dola kutoka New York hawakuzipata. Ndiyo maana hutoruhusiwa kulipa leo kwa ahadi ya kupokea kesho, na bosi wako akikataa kabisa si kwamba ana roho ngumu.

Tarehe za malipo

Hapa ndipo mgeni wa kazi hukosea wiki ya kwanza. Hisa za DSE hulipwa siku ya tatu ya kazi baada ya biashara. Marekani, tangu tarehe 28 Mei 2024, ni siku moja. Uingereza na Umoja wa Ulaya bado ni siku mbili, na zimepanga kuhamia siku moja tarehe 11 Oktoba 2027.

Chukua biashara ya DSE ya Jumatano tarehe 7 Januari 2026. Siku ya kwanza ni Alhamisi tarehe 8, ya pili Ijumaa tarehe 9. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Jumatatu tarehe 12 ni Mapinduzi, sikukuu ya nchi nzima. Malipo ni Jumanne tarehe 13. Kwenye Excel, weka sikukuu zote katika safu moja, ipe jina Sikukuu, kisha andika =WORKDAY(A2,3,Sikukuu). Kila nchi iwe na safu yake: tarehe 4 Julai New York imefungwa na sisi tuko kazini; Saba Saba ni kinyume chake.

Sikukuu za Idd ni mtihani wa peke yake, kwa kuwa tarehe hutegemea kuandama mwezi. Malipo yanayoangukia karibu na mwisho wa Ramadhani yawekee tarehe mbili, na akiba ya fedha iwepo kwa zote mbili. Mjulishe mwenzako wa nje mapema. Yeye hajui kuwa benki zetu zinaweza kufungwa kwa tangazo la usiku.

Na saa andika kwa mfumo wa saa 24. Ukimwandikia mtu wa London "saa nne", hata kwa lugha yake, kuna siku ataelewa saa nyengine. Soko la New York hufunguliwa 16:30 kwa saa zetu wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na 17:30 wakati wa baridi yao.

Hesabu ya hatifungani, polepole

Mfuko umenunua hatifungani yenye thamani ya 100,000,000, riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayolipwa kila miezi sita. Bei ni 101.25 kwa kila 100. Tangu riba iliyopita zimepita siku 73.

Bei ni 101,250,000. Muuzaji ameshika hati siku 73, kwa hiyo riba ya siku hizo ni yake: 12,000,000 × 73 ÷ 365 = 2,400,000. Unalipa jumla ya 103,650,000. Mwaka wa siku 365 ni mfano tu. Masharti ya hati yenyewe ndiyo yanayosema siku zinahesabiwaje, na ni lazima uyasome.

Makosa hutokea sehemu mbili. Ya kwanza: kuandika 103,650,000 yote kuwa gharama ya hati. Kesho yake mfumo unaichukua bei ya soko ya 101.25 na mfuko unaonekana umepata hasara ya milioni 2.4 ambayo haipo. Ya pili huja miezi kadhaa baadaye, riba ya 6,000,000 inapoingia. Anayeiandika yote kuwa mapato ameongeza uongo wa 2,400,000, maana kiasi hicho mfuko ulikinunua kwa muuzaji. Mapato halisi ni 3,600,000. Ukiweza kulieleza hili kwenye usaili kwa karatasi na kalamu, bila kuangalia popote, umewapita wengi waliokaa kwenye benchi pamoja nawe.

Gawio ni rahisi zaidi. Hisa 40,000 kwa shilingi 120 ni 4,800,000; kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE ni 240,000; inayoingia ni 4,560,000. Kinachosumbua ni tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Aliyenunua lakini malipo yake hayajakamilika siku hiyo hayumo daftarini, hata kama mfumo wa ofisi unaonyesha hisa ni zake.

Zoezi la kujifanyia nyumbani

Kulinganisha hesabu ndiyo kazi utakayopewa kwanza, na ndiyo unayoweza kujifunza bila kuajiriwa. Tengeneza kurasa mbili za Excel. Moja iite "Ofisi", ya pili "Mtunzaji". Kila moja iwe na mistari 30 yenye safu za tarehe, ISIN (namba ya kuitambulisha dhamana), idadi, bei na kiasi. Mwombe rafiki aharibu mistari sita ya ukurasa wa pili bila kukwambia: afute mmoja, aurudie mmoja, ageuze tarakimu, akate ada ya benki, asogeze tarehe, abadilishe alama ya kutoa iwe ya kujumlisha. Kazi yako ni kuipata yote sita na kuandika sababu ya kila mmoja.

Kwanza safisha. ISIN ina herufi na tarakimu 12, mbili za mwanzo zikiwa alama ya nchi, TZ kwa Tanzania. Nafasi tupu iliyojificha mwishoni huifanya Excel iseme hazifanani; iondoe kwa fomula ya TRIM. Namba za akaunti ziingize kama maandishi tangu mwanzo, la sivyo sifuri za mbele zinapotea, na tarakimu zikizidi 15 Excel huzigeuza za mwisho kuwa sifuri bila kukuonya. Tarehe nazo: faili la Kimarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi, na mashine haitolalamika.

Kisha unganisha ISIN, tarehe na idadi kuwa ufunguo mmoja, tafuta kwa XLOOKUP kutoka kila upande kwenda wa pili. Wengi hutafuta upande mmoja tu, na mistari iliyoko kwa mtunzaji peke yake hawaioni kamwe.

Tofauti zikibaki, kiasi chenyewe husema. Kikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu zilizogeuzwa: 54,000 ikiandikwa 45,000, tofauti ni 9,000. Tofauti ikiwa shufwa, igawe kwa mbili na utafute mstari wenye nusu hiyo. Huenda umeandikwa upande usio wake. Tofauti ndogo inayojirudia kwa kiasi kile kile kwa kawaida ni ada ya benki. Na kisichokuwepo upande mmoja leo lakini kipo kesho ni suala la muda tu, ila usiseme "ni muda" mpaka umeuona mstari wenyewe.

Kila tofauti iandikie umri, sababu, anayeishughulikia na uthibitisho. Ya siku moja haimtishi mtu. Iliyopita siku tano bila maelezo mpelekee mkubwa wako kabla hajaiuliza. Jambo moja usilifanye kwa hali yoyote: kulazimisha hesabu zifungane kwa kutupia kiasi kilichobaki kwenye akaunti ya kusubiria. Mwisho wa mwaka mkaguzi ataanzia hapo hapo.

Kwa nini kiasi kidogo kina maana? Mfuko wenye mali 5,240,000,000, madeni 40,000,000 na vipande 13,000,000 una thamani ya 400.0000 kwa kipande. Ukisahau gharama ya 12,000,000, thamani sahihi ilikuwa 399.0769. Aliyeuza vipande siku hiyo ameondoka na zaidi ya haki yake, na waliobaki ndio waliomlipa.

Bidhaa za kisharia

Zanzibar huwezi kulikwepa hili, wala usilikwepe. Ni pahala ambapo mhitimu wa hapa anaweza kumzidi wa kwengine. Serikali ya Mapinduzi imetoa sukuk (hatifungani ya kisharia) yake mwaka 2025, na PBZ ina huduma za benki za Kiislamu. Kwa mtu wa uendeshaji, tofauti iko kwenye mpangilio wa hati. Katika murabaha, yaani kumuuzia mteja bidhaa kwa faida iliyotajwa wazi, benki lazima imiliki bidhaa kwanza ndipo iiuze kwa mteja. Mkataba wa kuuza ukiwa na saa ya 10:05 na hati ya umiliki ina saa ya 10:40, faida ya muamala huo ina shaka, na kamati ya sharia inaweza kuamuru itolewe sadaka. Kazi yako ni kukagua saa, si fedha peke yake.

Mengine: mifumo mingi ina kisanduku kimoja tu kilichoandikwa riba, na mapato ya ijara (ukodishaji) au mgawanyo wa faida huingizwa humo kwa kukosa pengine. Dai kisanduku chake, kwa sababu ripoti itakwenda kwa watu wanaolisoma neno hilo kwa makini. Faini ya kuchelewesha malipo ikiingia, isiandikwe mapato. Ina akaunti yake ya kheri.

Majina

Wateja wetu wana majina matatu, na majina yenyewe hayana tahajia moja. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kitambulisho cha Taifa na akaunti ya benki. Na Ali Juma Ali watatu wanaweza kuwa watu watatu kweli. Malipo ya gawio yanaweza kurudi kwa sababu hii. Nakili jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, usilisahihishe hata kama unalijua. Mtambue mtu kwa namba, si kwa jina. Pakiwa na tofauti ya vyeti, omba hati ya kiapo ya majina wakati wa kufungua akaunti. Ukisubiri mpaka afariki, warithi watahangaika nayo mahakamani.

Vyeti na usaili

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) huendesha kozi ya cheti cha sekta ya dhamana ikishirikiana na taasisi ya CISI ya London, ambayo pia ina cheti chake cha uendeshaji wa uwekezaji. Cha CMSA kina uzito zaidi kwa ajira za hapa. Njia ya CPA, cheti cha uhasibu cha bodi ya NBAA, inafaa kama unaelekea hesabu za mifuko. Usikope kulipia vyeti vitatu kabla ya kazi; waajiri wengi humlipia mtumishi wao baada ya muda wa majaribio.

Kwenye usaili watakupa kisa. Kinachopendwa ni hiki: saa 15:50 imekuja barua pepe ya mteja akisema akaunti yake imebadilika, alipwe huko leo hii, na bosi hayupo. Jibu si "nitamjibu kwa barua pepe kuhakikisha". Unapiga simu kwa namba iliyoko kwenye faili la mteja tangu zamani, wala si ile iliyo kwenye barua; mabadiliko yanaingizwa na mmoja na kuidhinishwa na mwengine; na kama muda wa mwisho wa malipo umepita, analipwa kesho. Kuchelewa kuna gharama inayojulikana.

Miezi ya mwanzo

Anayetayarisha haidhinishi. Hata mzee unayemheshimu akikwambia "mwanangu, nipe nywila yako nimalize hapa", mpe kiti akae nawe ukiwa kwenye mashine, nywila usimpe. Sema kwa adabu, lakini sema.

Andika daftari la hatua: kila kazi ya siku, saa yake ya mwisho, faili linatoka wapi, likikosekana anaulizwa nani. Nyaraka za ofisi nyingi zina umri mkubwa na hazilingani na kinachofanyika. Baada ya miezi mitatu, daftari lako litakuwa sahihi kuliko zao, na ndilo litakalokufanya uombwe umfundishe anayekuja. Hesabu za taasisi nyingi za umma hufungwa tarehe 30 Juni, hivyo likizo ya Juni na Julai usiiombe mwaka wa kwanza.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, omba kuhamishiwa dawati jengine: kutoka kulinganisha hesabu kwenda haki za wanahisa, kisha hesabu za mifuko, kisha udhibiti wa hatari. Ukihama taasisi, ondoka na ulichokijua tu. Majedwali uliyotengeneza kazini, hata yakiwa na fomula zako mwenyewe, yana data za wateja ndani. Yatengeneze upya ukifika.